Vidonge vya Jioni

Ngazi za jengo letu ni tisini na nne, na sijui ni shetani gani alimshauri mwenye jengo aache tundu la lifti bila kuweka lifti yenyewe. Tundu lipo hadi leo, limezibwa kwa ubao, na watu wa ghorofa ya pili wamelifanya stoo ya baiskeli mbovu. Sisi tuko ghorofa ya tano. Kwa mtu wa kilo mia moja arobaini na moja, ghorofa ya tano ni kifungo cha nyumbani.

Kilo zangu nazitaja mwenyewe kabla hamjanitajia. Jina langu ni Insaf, nina miaka arobaini na saba, na mtaani kwetu hapa Mahalla, Misri, watu wananijua zaidi kwa kikapu changu kuliko kwa sura. Nakishusha kwa kamba kutoka roshani, muuza mboga anakijaza, nakivuta. Juu ananiwekea nyanya ngumu za kupendeza, chini zile laini zilizokwisha kutoa maji, maana anajua sitashuka kugombana naye. Magoti yanauma, ndiyo, lakini zile nyanya ndizo zilizonichosha. Nilichotaka mimi ni kushuka siku moja, nisimame mbele ya meza yake, nichague nyanya zangu kwa mkono wangu huku ananitazama, kisha nipande tena bila kufia njiani.

Kwa ajili hiyo nilikubali kukatwa tumbo. Nilikaa miaka miwili kwenye orodha ya hospitali, mpaka nikapewa tarehe: Jumatatu ya pili baada ya Sikukuu ya Kuchinja. Wangekata sehemu kubwa ya tumbo na kuacha kipande cha ukubwa wa ndizi. Lakini kabla ya kisu lazima kamera, kwa hiyo wakaniingiza mpira kooni, na mpira ukakuta mambo.

"Mama Rihab, huu si uvimbe wa jana," aliniambia Daktari Mirvat, yule wa maradhi ya tumbo. Ni mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu amalize chuo. "Ukuta wote wa tumbo ni mwekundu, umechubuka. Una vijidudu wanaoishi humo ndani, huenda tangu utotoni. Kile kiungulia, kile kujaa, yale maji machungu asubuhi, ndio wao."

"Mimi nilidhani ni unene."

"Kila mtu mnene akiumwa anadhani ni unene. Na sisi madaktari tunamsaidia kudhani."

Alinipenda, nafikiri. Aliandika karatasi ndefu: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku kumi na nne. Akasema daktari wa upasuaji hashoni tumbo lililovimba namna ile, kwa sababu mshono unaweza kuachia. Kwanza vijidudu wafe.

"Usiruke hata kimoja," akasema, na hapo akavua miwani. "Nakwambia wewe hasa. Kwa mwili mkubwa dawa inatawanyika, inakuwa nyepesi, na hawa wadudu ni wabishi. Ukimeza nusunusu, hutawaua, utawazoesha. Ukimaliza, unapumzika mwezi, halafu unakuja kupuliza kwenye mfuko tuone kama wamekwisha. Tarehe yako ya Jumatatu inategemea huo mfuko."

Nilisikia kila neno. Nasema hivyo mapema ili baadaye asije mtu akanitetea kwamba sikuelewa.

Nikapanda ngazi zangu. Ghorofa ya tatu kuna kiti cha plastiki nje ya mlango wa jirani yetu Mama Karam. Hakuna aliyewahi kusema ni changu, ila hakuna mwingine anayekikalia. Nilikaa mpaka moyo ukarudi mahali pake, nikaendelea.

Juu alikuwa ananisubiri mama mkwe wangu, Hajati Tafida. Ana miaka sabini na nne na hafiki kilo arobaini na tano hata ukimpima na bangili zake zote. Jengo zima linamwogopa kwa usafi. Ngazi anaziosha yeye, kwa sabuni yake, na ole wake atakayepita kabla hazijakauka. Mboga za majani anaziosha kwa siki mpaka zinabadilika harufu.

"Haya, wamesema nini?"

"Wamesema nina vijidudu tumboni, mama."

Alirudi nyuma hatua moja, akashika mlango. "Vijidudu! Ndani ya nyumba yangu?"

"Si uchafu. Daktari anasema watu wengi tu wanao."

"Watu wa kwenu huko Damanhur ndio wanao! Umekuja nao tumboni siku ya arusi, miaka ishirini na mbili unawafuga kwa chakula changu. Ndiyo maana wamenenepa."

Kufika alasiri habari ilikuwa imeshuka ngazi zote tisini na nne bila kupumzika kwenye kiti.

Sasa niwaeleze jambo la tonge, maana bila hilo mtaniona mwendawazimu. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja, na Hajati ana mkono wa kulisha. Anakata mkate, anauchovya kwenye mlenda wenye kitunguu saumu, anaukunja vizuri, anamtia mtu mdomoni kwa mkono wake. Mume wangu Shauki ana miaka hamsini, ni fundi wa mitambo kiwandani, mvi zimemjaa, na bado mama yake anamlisha tonge la kwanza. Binti yetu Rihab akija na mumewe, wote wanalishwa. Hata yule bwana wa kusoma mita ya umeme alilishwa siku moja amesimama mlangoni, na alitoka akifuta jicho kwa sababu mama yake mwenyewe alikuwa amefariki.

Mimi, katika miaka ishirini na mbili, kamwe. Wiki ya arusi nilifungua mdomo kidogo nikidhani zamu yangu imefika. Tonge likapita mbele ya pua yangu, likaenda kwa Shauki. "Huyu hahitaji kulishwa," akasema Hajati, "njia anaijua." Watu wakacheka, nami nikacheka. Wakati huo nilikuwa na kilo themanini tu.

Siku tatu za kwanza nilimeza dawa zangu sawasawa. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu na kichefuchefu kilinishika mpaka mchana, lakini nilimeza. Siku ya nne, adhana ya magharibi inaadhiniwa, niliingia jikoni na kisosi changu cha vidonge nikamkuta Hajati amechuchumaa karibu na jiko. Ngumi ameibana chini ya mbavu. Kikombe chake cha bizari nyembamba na limau kilikuwa kimemwagika, na yeye, ambaye hawezi kuona tone sakafuni, hakukigusa.

Ugonjwa huo niliukuta nilipoolewa. Yeye huuita upepo. Unakuja, anakunja uso, anakunywa bizari, unapita. Siku ile haukupita. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye mikunjo ya shingo.

"Mama, nimwite Shauki?"

"Ukimwita nitakulaani."

Kwetu sisi dawa ni kama chumvi. Kila nyumba ina mfuko wa nailoni wenye vidonge vilivyobaki, na mtu akibisha hodi kuomba kidonge cha koo anapewa, na akirudi anarudisha sahani ikiwa na kitu juu yake. Hakuna anayefikiri mara mbili, na mimi sikufikiri. Nilichukua kile cheupe cha kupunguza asidi, nikampa na maji. Baada ya muda uso ulimlegea, akalala palepale kwenye kochi, mdomo wazi, amekuwa mdogo kama nguo iliyoanuliwa.

Kesho yake jioni alikuja jikoni mwenyewe. Hakunitazama. Alitandaza kiganja.

"Kile cheupe chako," akasema, "si kibaya."

Hapo ndipo nilipofikiri, na ingekuwa heri nisingefikiri. Nilijiambia: maumivu yake ni yangu, mahali ni palepale, basi na mdudu ni yuleyule. Nikamwambia aende akapimwe. Akanitolea macho.

"Mpira? Marehemu mume wangu Fathi walimwingiza mpira Jumanne, Ijumaa tukamzika. Na nikishapimwa wakasema ninao, nitapita wapi kwenye ngazi hizi? Mama Karam atanitazamaje?"

"Basi hivi vyote vinne," nikasema. "Asubuhi vyangu, jioni vyako."

"Shauki asijue."

"Hatajua."

"Ukimwambia nitasema ulinilazimisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku kumi mfululizo, adhana ikilia, tulikutana jikoni na kufunga mlango kama wezi wa sukari. Alimeza kimoja kimoja, akikunja uso, akinilaumu mimi kwa ladha. Kisha tulikaa kidogo. Alinisimulia jinsi mama mkwe wake yeye alivyokuwa akifungia sukari kabatini na kutembea na ufunguo shingoni. Nilimsimulia habari za muuza mboga, akamtukana matusi ambayo sikujua kama mtu aliyehiji anayajua. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Na siku ya sita ya dawa, wakati wa chakula, alimlisha Shauki tonge lake, akakata mkate mwingine, akachovya, akaukunja, akanyoosha mkono kuja kwangu. Nilidhani ananionyesha kitu ukutani. Shauki aliacha kutafuna.

"Fungua basi," akasema Hajati, "mkono unachoka."

Nilifungua. Vidole vyake vilinigusa mdomo, vinanuka siki na kitunguu saumu. Nilimeza, nikasema mkate mwingine unaungua, nikakimbilia jikoni ambako hakukuwa na mkate wowote, nikalia nikiwa nimeshika friji.

Kwa hiyo msiniulize kwa nini sikuacha. Nilijua nilichoambiwa na daktari. Lakini nilikuwa nimechoka, miaka ishirini na mbili, kuwa mgeni kwenye sinia, na kila siku hadi dozi ilipokwisha nililishwa tonge moja, mara tisa kwa jumla. Nilijiambia vinne vya asubuhi vitatosha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mwezi ukapita. Nikashuka, nikapuliza kwenye mfuko wa Daktari Mirvat, nikangoja kwenye korido pamoja na nusu ya wanawake wa Mahalla. Aliponiita, niliona jibu kabla hajasema.

"Wapo," akasema. "Tena wapo vizuri tu. Mama Rihab, ulimeza vyote?"

Mlango ulikuwa wazi. Nje, kwenye benchi la kwanza, alikaa mpwa wa Mama Karam, na masikio yake nayajua.

"Vyote," nikasema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Alinitazama. Hakuniamini, lakini hakuwa na nguvu za kunibishia. Akasema wakati mwingine kwa watu wenye uzito kama wangu dawa inashindwa hata ikimezwa yote, kwa hiyo atanipa nyingine, kali zaidi. Ile ya kwanza haitafaa tena, hawa wameshaizoea. Nafasi yangu ya Jumatatu imepewa mwingine. Nyingine itapatikana baada ya miezi sita, kama nitapona.

"Na nisipopona?"

"Daktari wa upasuaji atakutoa kwenye orodha. Ameshaniambia." Akaanza kuandika, akasita. "Nyumbani mnakula sinia moja? Kuna mwingine anayelalamika tumbo?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mama mkwe. Hatakuja."

"Basi tutazunguka tu. Wewe utapona, kijiko kitakurudishia wadudu. Njoo Alhamisi uchukue dawa, kwa sasa duka letu la dawa halina. Na mlete."

Nyumbani nilisema wakati wa chakula, kwa ufupi, kama mtu anayesoma mita. Bado wapo. Jumatatu imekwenda. Labda miezi sita, la sivyo wananitoa kwenye orodha.

Shauki aliweka mkate chini. Si mtu mbaya Shauki. Alikuwa ameomba likizo kiwandani kwa ajili ya Jumatatu ile, na likizo kwao hazitoki kirahisi, na uchovu wa zamu ya asubuhi ulikuwa bado mgongoni. Lakini mdomo wake ulisema ulichosema.

"Wiki mbili ulikuwa unameza nini, peremende? Mtu anashindwa kumeza vidonge? Ingekuwa mikate ungemeza!"

Sikumtazama yeye, nilimtazama mama yake. Neno moja tu lingetosha. Hajati alikuwa anazungusha bangili zake, moja baada ya nyingine, kana kwamba anatafuta iliyopotea.

"Nipe chumvi," akasema.

Nilimpa chumvi. Nilikula mpaka mwisho, nikatoa sinia, na aliponifuata jikoni nilifunga mlango kwa kisigino.

"Chumvi, mama? Hiyo ndiyo iliyokutoka?"

"Usinipandishie sauti. Mimi nilikuomba? Ulitoa mwenyewe."

"Nilitoa kwa sababu ulikuwa unaumwa. Na daktari nimemdanganya kwamba nilimeza vyote."

"Mimi naumwa miaka thelathini, siku zote ulikuwa wapi?"

"Basi nilitoa kwa sababu ya tonge!" Lilinitoka kwa kelele hata mimi nikashtuka. "Umefurahi? Kwa tonge moja la mlenda."

Alishika kitasa cha mlango. Kisha, taratibu, "Tonge halinunuliwi, Insaf."

"Mimi nimelinunua. Nimetoa Jumatatu yangu."

Alifungua mlango akatoka. Kuanzia siku ile hakunilisha tena, wala hakumlisha Shauki, wala yeye mwenyewe hakula zaidi ya kuchovyachovya. Shauki aliuliza kulikoni, tukamwambia joto. Jioni, adhana ikilia, nilimsikia chumbani kwake akihema kwa maumivu, na sikuenda. Sijivunii hilo. Nilikaa kwenye roshani nikatazama kikapu changu tupu na kamba yake.

Alhamisi asubuhi nilianza kushuka. Ghorofa ya tatu nikakaa kwenye kiti, na hapo nikasikia viatu. Si kandambili zake za kuoshea ngazi, ni vile viatu vyeusi vya kutembelea. Hajati alikuja amejifunika guo lake jeusi, mkoba wa ngozi kwapani, ule anaoutumia kwa mambo ya serikali tu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sokoni."

"Na mkoba wa vitambulisho?"

"Inuka basi, tunachelewa. Na wewe ukishakaa hapo ni mpaka Ramadhani."

Mama Karam alifungua mlango kwa ufa. "Kheri, Hajati? Mnakwenda wapi?"

"Kwa daktari," akasema Hajati Tafida, kwa sauti ya kufika ghorofa zote. "Wa tumbo."

Korido ilikuwa imejaa kama kawaida. Tulipoitwa, nilitaka kusukuma mlango ufungwe, akanizuia mkono. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama mbele ya meza ya yule daktari mdogo kama anayetoa ushahidi.

"Daktari, andika hapo. Vidonge vya jioni nilikula mimi."

Daktari Mirvat aliinua kichwa. "Vidonge gani, Hajati?"

"Vya huyu mke wa mwanangu. Alimeza vya asubuhi, vya jioni nilimeza mimi, siku kumi, na bado nikamwacha atukanwe mbele yangu. Alikudanganya ili kunisitiri. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kutolewa kwenye orodha, si yeye."

Korido nzima ilitugeukia. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, na wakati huohuo nilitaka kumshika mkono, nikashindwa yote mawili.

Daktari alivua miwani akasugua macho kwa muda mrefu. "Mnajua mmefanya nini? Hamkuwaua wadudu. Mmewapa mazoezi."

"Ndiyo," akasema Hajati. "Sasa nipe huo mfuko wa kupuliza."

Alipuliza kwa hasira, kama anayezima moto. Tukangoja. Jibu likaja: anao.

Alilipokea akiwa amesimama vilevile. "Kwa hiyo ni wangu, au ni wake?"

"Hajati, hawana cheti cha kuzaliwa hawa. Mmekula pamoja miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili. Lakini kwa mkono wangu sikuwahi kumlisha." Akazungusha bangili. "Isipokuwa siku tisa. Zilezile za dawa. Niambie ukweli, daktari. Hizo siku tisa, mimi ndiye niliyemrudishia?"

Daktari alinitazama mimi, kisha yeye. Nadhani hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba swali si la kitabibu tu.

"Hatuwezi kujua," akasema. "Wake hawakuwa wamekufa. Hakuna haja ya kurudishiwa kitu ambacho hakijaondoka."

Hajati aliitikia kwa kichwa, ila niliona kwamba jibu halikuingia.

Tulipewa karatasi mbili, yangu na yake. Na Shauki naye aje apulize. Kila mtu sahani yake, kijiko chake, glasi yake, mpaka wote tupimwe na kuonekana tumepona. Kwa Hajati kuna jambo moja zaidi: kwa umri wake na miaka thelathini ya maumivu, lazima kamera. Nilingoja alipuke.

"Siku gani?" akauliza.

"Jumanne ijayo."

"Jumanne hapana. Siku nyingine yoyote."

Ikaandikwa Jumatano.

Kupanda ngazi kulituchukua karibu saa nzima. Safari hii yeye hakunitangulia. Alipanda nyuma yangu ngazi moja moja, na nilipokaa kwenye kiti cha ghorofa ya tatu alisimama ameegemea ukuta, amejishika mbavu, anahema. Nikamwambia akae yeye. Akasema kiti si chake.

Shauki alirudi kutoka zamu, akakuta sahani tatu mezani, kila moja na kijiko chake. Alitazama kama aliyeingia nyumba ya jirani.

"Hii nini, mkahawa?"

"Vidonge vya mkeo nilikula mimi," akasema mama yake akipakua mlenda. "Vijidudu ninao mimi pia, huenda na wewe. Jumamosi unakwenda kupuliza. Na kabla hujala, muombe mkeo radhi kwa lile neno la mikate."

Shauki alitutazama kwa zamu, mdomo wazi. Masikio yalimwiva. "Nisamehe, Insaf," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilimwomba arudie, na akarudia. Baada ya hapo alikula ameinamia sahani yake.

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Vidonge vipya, vikubwa kuliko vya kwanza, vilikuwa kwenye visosi viwili kando ya glasi mbili, nikajua siku kumi na nne nyingine za ladha ya sarafu zinaningoja, kisha mwezi, kisha mfuko, kisha labda miezi sita, na katika yote hayo hakuna hata moja nililoahidiwa. Nikavuta sahani yangu karibu.

Hajati alikata mkate. Akauchovya kwenye sahani yake, akaukunja vizuri, akainua mkono, na mkono ukaja moja kwa moja kwangu. Nami, mjinga wa miaka arobaini na saba, nikafungua mdomo.

Mkono ukasimama katikati ya meza. Aliutazama kana kwamba si wake. Mlenda ulidondoka tone moja kwenye kitambaa cha meza, na hakulifuta. Kisha akarudisha lile tonge kwenye sahani yake, akalila mwenyewe, polepole, macho yamemjaa maji.

"Nina deni lako la tonge," akasema. "Meza kwanza vidonge vyako. Vyote."

Alisukuma kisosi changu mbele yangu, akachukua chake, na tukameza kimoja kimoja, yeye ananihesabia mimi, mimi namhesabia yeye.